Mtu wa Tatu kati ya Munganga na Mgonjwa: Historia ya Kuitaja Kansere kando ya Ziwa Tanganyika

Ugonjwa unaoitwa saratani katika vitabu vya Kiswahili sanifu huitwa kansa katika mazungumzo ya kila siku ya Dar es Salaam na Nairobi, na kansere katika Kongo ya Mashariki. Maneno haya matatu yana chimbuko moja la maana. Matabibu wa Kiyunani, tangu zama za Hippocrates, waliufananisha uvimbe huo na kaa, mnyama wa majini, wakauita karkinos. Warumi wakamtaja kaa wa lugha yao, cancer. Waarabu nao wakamtaja wa kwao, saratan. Neno la Kiarabu lilifika pwani ya Afrika ya Mashariki pamoja na elimu ya nyota, ndiyo maana Saratani ni jina la buruji vilevile. Neno la Kilatini lilipitia Kiingereza likawa kansa, na kupitia Kifaransa likawa kansere. Kwa hiyo mgonjwa wa Zanzibar na mgonjwa wa Kabalo huambiwa jambo lile lile, kwamba ndani ya mwili mna kaa. Lakini hakuna hata mmoja wao amwonaye kaa huyo ndani ya neno. Lugha yenyewe ilikuwa na jina lililosema zaidi, yaani donda ndugu, kidonda kinachotambaa na kukataa kupona. Jina hilo lilibaki kwa vidonda vionekanavyo kwa macho, na halikupelekwa kwenye uvimbe wa ndani.

Wanaisimu wa Kiswahili wameyashughulikia mambo haya kwa bidii, ila kwa upande wa nomino. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilitunga na kusanifisha istilahi za taaluma nyingi, na mwaka 2003 Taasisi hiyo ilitoa Kamusi ya Tiba. Kazi hiyo ni kubwa na yafaa isibezwe. Hata hivyo, historia ya nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika yaonyesha kwamba shida ya mgonjwa wa kansere haikuanza kwa kukosekana nomino, wala haikwishi zipatikanapo. Kati ya munganga na mgonjwa daima alikuwepo mtu wa tatu aliyeyabeba maneno kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mtu huyo ndiye aliyesahauliwa na waandishi wa kamusi na wakuu wa hospitali kwa pamoja.

Inafaa kuanza na mtu aliyekuwa munganga na mfasiri kwa wakati mmoja. Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akakombolewa na Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, kisha akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Karema na Mpala, iliyo ng'ambo ya magharibi upande wa Kongo, zilikuwa zimekabidhiwa mapadri hao mwaka 1885. Atiman alikuwa mgeni kama walivyokuwa wageni Wazungu wa misheni, lakini aliishi miaka zaidi ya 60 mahali pamoja, akaoa huko, na kutibu kwa lugha ambazo wagonjwa wake walizungumza nyumbani. Mganga wa namna hiyo hakuhitaji mtu wa tatu. Jambo la kusikitisha ni kwamba mfano wake haukufuatwa. Utawala wa kikoloni, wa Ubelgiji na wa Uingereza pia, ulichagua njia nyingine.

Njia hiyo nyingine yaonekana wazi katika kampeni dhidi ya ugonjwa wa malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakazi wa sehemu nyingi za Kongo walipangwa mistari, wakapapaswa shingo ili kutafuta matezi yaliyovimba, wakaandikwa katika vyeti na kuchomwa sindano. Mwanahistoria Maryinez Lyons aliieleza habari hiyo kwa upande wa Kongo ya Kaskazini katika kitabu chake cha mwaka 1992. Kwa munganga wa aina ile, shingo ilisema yote yaliyohitajika, na mdomo ulikuwa wa ziada. Lugha nayo ilifuata mkondo huo huo. Johannes Fabian, katika utafiti wake juu ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji kati ya mwaka 1880 na 1938, ameonyesha jinsi vitabu vidogo vya msamiati walivyopewa maofisa vilivyoandaliwa kwa ajili ya kuamuru. Afisa aliyejifunza Kiswahili kwa njia hiyo aliweza kusema njoo, lala, fungua mdomo, meza. Hakufundishwa namna ya kuuliza swali lenye majibu mengi, wala namna ya kungoja jibu.

Kando ya mwenye kuamuru alisimama muuguzi Mkongomani. Reli ya kilomita 273 kati ya Kabalo, kwenye mto Lualaba, na Albertville, mji unaoitwa Kalemie tangu mwaka 1966, ilikamilika mwaka 1915, na ikaleta wafanyakazi wa makabila mengi waliounganishwa na Kiswahili. Muuguzi ndiye aliyejua Kifaransa cha munganga na Kiswahili cha wagonjwa, na mara nyingi Kiluba au Kitabwa juu yake. Mafunzo yake yalikuwa ya kufunga vidonda, kupima joto na kutoa dawa. Kufasiri hakukuhesabiwa kuwa kazi. Kulichukuliwa kama kupumua. Wakoloni waliwafundisha pia wasaidizi wa tiba, waliokaribia kiwango cha udaktari bila kupewa cheo chake. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa na daktari Mkongomani hata mmoja mwenye shahada. Madaktari wengi Wabelgiji walipokimbia katika majuma yaliyofuata, makumi ya wasaidizi hao walipelekwa Ufaransa kukamilisha masomo ya udaktari kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, na wageni wengine, wakiwemo madaktari kutoka Haiti, waliletwa kujaza nafasi. Wengi wa wageni hao walijua Kifaransa, hawakujua Kiswahili. Mtu wa tatu akazidi kuwa wa lazima.

Kuna kisa kimoja cha miaka hiyo ambacho kingestahili kujulikana zaidi katika vyuo vya Kongo. Mnamo mwezi wa Aprili 1965 Ernesto Che Guevara, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari, alivuka ziwa kutoka Kigoma akafika Kibamba, kaskazini ya Kalemie, kuwasaidia waasi. Alipewa jina la Kiswahili la Tatu. Kijana wa miaka 16, Freddy Ilanga, aliteuliwa kuwa mkalimani wake na mwalimu wake wa Kiswahili. Habari za kijeshi za safari ile, iliyokwisha mwezi wa Novemba mwaka huo huo bila mafanikio, zimeandikwa mara nyingi. Isiyosimuliwa sana ni habari ya yule kijana. Alichukuliwa hadi Cuba, akasomea udaktari, akawa mpasuaji wa ubongo wa watoto, na akafariki huko mwaka 2005. Mkalimani aligeuka munganga, lakini mbali na wale ambao angeweza kuwatibu kwa lugha yao ya utotoni.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kabla ya hospitali hapakuwa na utaratibu wa mazungumzo kati ya mwenye maradhi na mwenye maarifa. Miongoni mwa Waluba, ambao ndio wengi wa watu wa Kabalo, kulikuwa na uaguzi uitwao kashekesheke. Ni kifaa kidogo cha mbao kilichochongwa, chenye uwazi katikati. Mwaguzi na mteja hukishika wote wawili kwa vidole, na maswali yanapoulizwa kifaa husogea kikitoa majibu. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts wameeleza mambo haya katika utafiti wao kuhusu sanaa ya Waluba. Mtu anaweza kukataa kabisa kwamba mti hujua chanzo cha ugonjwa, na bado akatambua kitu muhimu katika umbo la tendo lenyewe: swali huulizwa mbele ya mgonjwa, kwa lugha yake, na mkono wake umo katika jibu. Katika chumba cha munganga wa kisasa picha ya eksirei hushikwa na mtu mmoja tu.

John Janzen naye, aliyechunguza safari ya mgonjwa katika Kongo ya Chini na kuchapisha kitabu mwaka 1978, aligundua kwamba anayeamua tiba si mgonjwa peke yake, bali ni kundi la ndugu wanaokusanyika, wanaopima habari na kuchagua hatua ifuatayo. Alikuta vilevile tofauti kati ya ugonjwa wa Mungu, unaokuja kwa maumbile, na ugonjwa wa mtu, unaotokana na ugomvi au uchawi. Tofauti hiyo haiko kwa Wakongo wa magharibi tu. Ndugu wa mgonjwa wa Tanganyika wanapouliza, Ugonjwa huu umetoka wapi?, hawaulizi habari ya chembechembe za mwili. Munganga anayejibu swali la chembechembe amejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, na lile lililoulizwa hulipeleka kwingine.

Kansere yenyewe iliingia katika historia ya tiba ya Afrika ya Mashariki kwa mlango wa Uganda. Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, ilitunza kumbukumbu zilizowawezesha wachunguzi, mwaka 1964, kuonyesha kwamba kansere zilikuwepo miongoni mwa Waganda tangu mwanzo wa kumbukumbu hizo, kinyume cha dhana iliyovuma kwamba ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1958 mpasuaji Denis Burkitt wa Mulago alichapisha habari za uvimbe wa taya uliowapata watoto. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kusini hadi Afrika ya Kusini, wakitembelea hospitali na kuuliza ugonjwa huo ulionekana wapi na haukuonekana wapi. Walibeba picha. Picha ilivuka mipaka ya lugha kwa urahisi kwa sababu aliyeulizwa alikuwa munganga mwenzao. Mama wa mtoto alihitaji kitu kingine.

Kitu hicho kilianza kutafutwa katika Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyofunguliwa Kampala mwaka 1967 chini ya daktari Mmarekani John Ziegler. Watoto walipewa dawa za kemikali, na wengi uvimbe wao ulinywea kwa siku chache. Hapo ndipo tatizo la maneno lilipojitokeza kwa ukali wake: mzazi aliyeona taya limerudi mahali pake alikuwa na haki ya kuamini kwamba kazi imekwisha, kumbe mtoto alipaswa kurudi tena na tena. Wafanyakazi wa Taasisi waliwafuata wagonjwa hadi vijijini kwao ili wasipotee. Charles Olweny, Mganda wa kwanza kuiongoza, alipokea kazi hiyo mwaka 1972, Wamarekani walipokuwa wakiondoka katika utawala wa Idi Amin. Marissa Mika, katika kitabu chake cha mwaka 2021 juu ya Taasisi hiyo, ameonyesha kwamba ilidumu katika miaka mibaya kwa juhudi za wafanyakazi Waganda wenyewe, wauguzi wakiwemo.

Katika miaka hiyo hiyo wakuu wa tiba duniani hawakuwa wamekubaliana hata juu ya kama mgonjwa aambiwe. Mwaka 1961 Donald Oken aliwauliza madaktari wa Chicago, akakuta kwamba takribani asilimia 90 walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana kansere. Uchunguzi kama huo ulipofanyika tena Marekani mwaka 1979, asilimia 97 walipendelea kumwambia. Nchi zisemazo Kifaransa zilichelewa zaidi. Kanuni za maadili ya madaktari wa Ufaransa za mwaka 1979 bado ziliruhusu habari mbaya ifichwe, na ni sheria za mwaka 2002, nchini Ufaransa na nchini Ubelgiji, zilizomwekea mgonjwa haki ya kujua hali yake. Tiba ya Kongo ilirithi vitabu, lugha na desturi zake kutoka upande huo. Kwa hiyo kimya cha munganga wa Kongo kina tabaka mbili: moja ni ya maadili aliyofundishwa, ya kumhurumia mgonjwa kwa kumficha, ya pili ni ya lugha, kwa kuwa alichofundishwa kwa Kifaransa hakukifundishwa kwa Kiswahili. Ni vigumu kujua ipi ifanyayo kazi wakati gani, na munganga mwenyewe huenda asijue. Lugha imekuwa mahali pazuri pa kujifichia.

Hebu itazamwe kazi ya muuguzi akiwa amesimama katikati. Munganga anasema kwa Kifaransa kwamba kuna tumeur. Muuguzi anasema uvimbe. Uvimbe ni neno la sindano iliyochomwa vibaya, la jino, la mguu uliogonga jiwe, mgonjwa anatulia. Muuguzi akiongeza kusema uvimbe mbaya, ubaya katika Kiswahili ni wa tabia kabla ya kuwa wa maumbile, na ndugu wanaanza kuulizana nani mwenye ubaya. Munganga anauliza kama mgonjwa ameelewa. Muuguzi anauliza, Umesikia? Mgonjwa anajibu, Nimesikia. Kitenzi kusikia hubeba sauti iingiayo sikioni, maumivu yaliyo tumboni, maana iliyofahamika na utii kwa mkubwa. Munganga anaandika kwamba mgonjwa ameelezwa na ameelewa. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba alikuwa na adabu.

Mfano wa kizazi ni mzito kuliko huo. Kansere ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazowaua wanawake wengi zaidi katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na ikigunduliwa mapema hutibika kwa upasuaji. Kizazi ni kiungo cha mwili. Ni uwezo wa kuzaa. Ni watoto na wajukuu wa mtu. Ni rika zima la watu walio hai pamoja. Mwanamke anayeambiwa kwamba kizazi chake kitatolewa anaambiwa yote hayo kwa pigo moja, na mumewe na wakwe wanayasikia kama yeye. Akiomba ruhusa ya kwenda kushauriana nyumbani, hajakataa tiba. Lakini kati ya Kabalo na Kalemie njia ni ndefu, na atakaporudi, kama atarudi, ugonjwa utakuwa umepanda. Mlango wa kizazi, yaani sehemu ile ndogo tu iliyo mgonjwa, huwa umeshatoweka katika tafsiri ya kwanza.

Hatimaye kuna kupona. Kiswahili husema amepona au hajapona, na umbo la -me- hulifunga jambo kama mlango. Wataalamu wa kansere wana hali ya katikati ambamo ugonjwa hauonekani tena lakini haujatangazwa kwisha. Muuguzi akisema amepona, mgonjwa hana sababu ya kurudi kupimwa, kama ilivyokuwa kwa wazazi wa Kampala. Akisema hajapona, anawavunja moyo watu waliouza mbuzi kulipia dawa. Yako maneno ya kawaida yawezayo kutumika: ugonjwa umetulia, ugonjwa umelala. Kinacholala huamka, na kila msemaji wa Kiswahili anajua hivyo bila kufafanuliwa. Maneno haya hayamo katika orodha za istilahi kwa sababu si nomino, nayo ni ya kijijini mno kuweza kuitwa istilahi.

Mwaka 2000 Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha utaratibu wa hatua sita wa kumpa mgonjwa wa kansere habari nzito, na umeenea sana katika ufundishaji wa udaktari. Hatua ya pili, ya kumwuliza mgonjwa anajua nini tayari kabla ya kumwambia lolote, ni ya busara, na ingewashangaza maofisa wa zamani wenye vitabu vya amri. Walakini utaratibu huo huwaza mazungumzo ya munganga na mgonjwa wenye lugha moja. Julie Livingston, aliyekaa katika wodi ya kansere ya Hospitali ya Princess Marina huko Gaborone na kuandika kitabu mwaka 2012, alikuta daktari Mjerumani akitegemea wauguzi Watswana kwa karibu kila neno lililopita kati yake na wagonjwa. Katika Kongo ya Mashariki, hata pale munganga ni Mkongomani, huenda ni wa jimbo la Kilingala au la Tshiluba. Hatua sita hugeuka kumi na mbili, na nusu yake hutembewa na mtu ambaye hakufundishwa hata moja.

Uganda ilijaribu kumtambua mtu huyo kwa njia ambayo haikutoka katika isimu. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Kampala shirika la Hospice Africa Uganda kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu makali, wengi wao wa kansere na wa ukimwi, likiwatembelea majumbani na kuwapa mofini ya kunywa. Madaktari walikuwa wachache, kwa hiyo mwaka 2004 sheria ilibadilishwa ili wauguzi na maofisa wa tiba waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika mofini wao wenyewe. Muuguzi aliyepewa kalamu hiyo hafasiri tena swali la mwingine. Anauliza kwa ajili yake, katika lugha ya nyumba aliyoingia, maumivu yako wapi, yalianza lini, usiku yanakuwaje, na jibu analolisikia ndilo linaloamua kipimo cha dawa atakachoandika.